Nyumba haikuungua: masizi ya darini katika nyumba ya shamba ya Kent

Swali la msomaji: Namtunza mzee mmoja katika nyumba ya shamba huku Kent, Uingereza. Kwa nje ni matofali chini na vigae juu, kama nyumba nyingi za hapa. Juzi tangi la maji lilivuja, nikapanda darini na tochi. Mbao zote za paa nilizikuta nyeusi ti, kama jiko la kuni. Mzee anasema nyumba haijawahi kuungua, na kwamba mbao zilitolewa kwenye meli za zamani. Kuna mengine sielewi. Ukifungua mlango wa mbele unakutana na ukuta wa matofali puani. Dohani imesimama katikati ya nyumba. Chumba changu cha juu kinakatwa na boriti nene, nisipoinama nagonga kichwa, na sakafu imelala upande hadi kalamu inabingirika. Sasa mwanawe mzee anataka kupiga lipu ya saruji ukuta wa nyuma kwa sababu una unyevu. Hii ni nyumba ya namna gani, na ni salama kulala humo?

Dada yangu,

Nimepata barua yako na picha nne. Nianze na linalokusumbua usiku: nyumba hiyo haikuungua, na sakafu kulala upande peke yake si dalili ya nyumba kuanguka. Mzee wako yuko sahihi kuhusu moto. Kuhusu meli hapana, nitafika huko.

Mti ulioungua na mti uliofukizwa moshi havifanani. Moto ukishika boriti unakula uso wake. Unabaki mkaa uliopasukapasuka kama ngozi ya mamba, kona zimelika, boriti imekonda. Moshi hauli, unajenga. Ukipanda tena, pitisha kidole kwenye makombamoyo, zile mbao za mshazari zinazobeba vigae. Utakuta uso laini, kona bado kali kama shoka la seremala lilivyoziacha, na juu yake tabaka jeusi linalong'aa kidogo, gumu kama lami iliyokauka. Hayo ni masizi ya miaka mingi ya kuni kuwaka chini yake, kila siku ya Mungu, wakati wa joto na wakati wa baridi.

Sasa picha ya tatu, ambayo nimeitazama kuliko nyingine zote. Uliipiga pale dari inapogawanywa na kiambaza cha fito na udongo. Upande unaoelekea dohani ni mweusi wote, mti na udongo wake. Lakini pembeni kabisa mwa picha tochi yako imeangaza upande wa pili wa kiambaza hichohicho, na huko mti una rangi ya asali, hauna doa. Makombamoyo ya huko nayo ni masafi. Nilipoiona niliwaita wenzangu wa kazi hii ya nyumba za kale waje watazame, kwa sababu picha hiyo moja inaeleza nyumba nzima.

Moshi ulikuwa upande mmoja tu wa kiambaza, na ulifika hadi kileleni mwa paa. Maana yake ni kwamba chumba kilichokuwa chini ya sehemu nyeusi hakikuwa na ghorofa wala dari juu yake. Ulisimama sakafuni, ukainua macho, ukaona vigae. Ulikuwa ukumbi mmoja wa kwenda juu, na moto uliwashwa katikati ya sakafu, juu ya mawe au vigae vilivyolazwa, bila dohani. Moshi ulipanda, ukatanda chini ya paa, ukajitafutia njia polepole katika nafasi za vigae na matundu ya ncha za paa. Vyumba vya pembeni vilikuwa na ghorofa, na vilizibwa kwa kiambaza mpaka juu ili moshi usiingie. Ndiyo sababu mbao zake ni safi hadi leo. Nyumba yako, basi, ilijengwa kabla ya dohani yake, na kwa kukisia kutokana na umbo la paa ninaloliona, ni nyumba ya karne ya 15 au mwanzo wa ile ya 16.

Aliyekulia bara anakumbuka jiko la bibi: mahindi ya mbegu yananing'inia juu ya mafiga, miti ya paa imekuwa myeusi, na wadudu hawaigusi. Waingereza wa kale walisema jambo hilohilo. Kasisi William Harrison wa kijiji cha Radwinter, Essex, aliyeandika habari za nchi yake mwaka 1577, anaeleza kwamba watu wa zamani waliamini moshi unakomaza mbao za nyumba, tena ni dawa ya kumkinga mwenye nyumba na jamaa zake na mafua.

Nyumba za aina hii zimejaa Kent na Sussex, katika nchi ya misitu ya mialoni iitwayo Weald, na mpangilio wake haubadiliki sana. Katikati ni ukumbi. Mwisho mmoja, ule wa chini kwa hadhi, kuna vyumba viwili vidogo bega kwa bega, kimoja cha mapipa ya vinywaji, kingine cha mikate na vyakula vikavu. Kati ya vyumba hivyo na ukumbi kuna ujia unaokata nyumba kutoka mlango wa mbele hadi wa nyuma. Mwisho wa pili, wa juu kwa hadhi, ndiko mwenye nyumba alikokaa mezani, mgongo ukutani, akitazama watu wake wote. Nyuma ya ukuta huo palikuwa na chumba cha faragha, na juu yake chumba chake cha kulala. Aliyeingia mlangoni alijua papo hapo asimame wapi na asivuke wapi. Mtu wa Lamu hahitaji kuelezwa zaidi, kwa sababu nyumba za mawe za kwao nazo zilimpima mgeni kwa kina alichoruhusiwa kufika, kuanzia daka la mlangoni hadi misana, yaani kumbi zake ndefu, hadi ndani.

Kwa mbele, vyumba vya ghorofa vya pande mbili vilitokezwa nje, ukumbi wa katikati ukabaki umezama kidogo, na paa moja refu likafunika vyote kwa mstari mmoja. Hapo juu ya ukumbi ukingo wa paa unakuwa mbele ya ukuta, umeshikiliwa na mikono ya mti iliyopinda. Ni umbo zuri kuliko yote ninayoyajua katika ujenzi wa wakulima wa Uingereza.

Ukipata siku ya mapumziko, nenda Singleton, West Sussex, kwenye makumbusho ya Weald and Downland. Ipo nyumba ya shamba inayoitwa Bayleaf. Ilisimama Chiddingstone, Kent, hadi mwishoni mwa miaka ya 1960, bonde lake lilipotakiwa kwa ajili ya bwawa la maji la Bough Beech. Ilifumuliwa boriti baada ya boriti, ikapelekwa Singleton, ikasimamishwa upya. Ukumbi wake na vyumba vya mwisho wa chini ni vya mwanzo wa karne ya 15, na mwisho wa juu uliongezwa kama miaka mia moja baadaye. Ndani imepangwa kama ilivyoweza kuwa karibu mwaka 1540, pamoja na moto katikati ya sakafu.

Mara ya kwanza nilipoingia Bayleaf ilikuwa Novemba, na moto umewashwa. Macho yaliniwasha nikadhani nitatoka mbio. Mhudumu akaniambia, kaa. Nilipokaa kwenye kibao kifupi macho yakatulia, kwa sababu moshi unatanda juu, kuanzia kimo cha kichwa cha mtu aliyesimama. Ndipo nilipoelewa kwa nini vibao vya ukumbini ni vifupi, na kwa nini madirisha marefu hayakuwa na kioo. Hewa ikiingia kwa chini, moshi unapanda. Mbele yangu boriti zilikuwa za kahawia mpaka usawa fulani, halafu zinageuka nyeusi, kana kwamba nyumba ilichovywa wino kichwa chini.

Utauliza, mkulima alipata wapi mali ya kujenga hivyo? Tauni ya 1348 na 1349 iliua pengine theluthi hadi nusu ya watu wa Uingereza. Waliosalia walikuta mashamba ni mengi na mikono ni michache. Ujira ukapanda, ardhi ikakodishwa kwa bei nafuu, na baada ya vizazi viwili vitatu wakapatikana wakulima wasiokuwa mabwana wala watumwa wa mtu, wenye uwezo wa kumwita seremala bora wa wilaya. Kent walikuwepo wengi, na mialoni ilikuwa mlangoni kwao. Nyumba hizi ni zao.

Turudi kwako. Boriti inayokugonga kichwa chumbani ni mtambaapanya wa ukumbi. Ilikuwa juu kabisa, hewani, inakwenda kutoka ukuta wa mbele hadi wa nyuma ili kuta zisisukumwe nje na uzito wa paa. Hakuna aliyeigonga, kwa sababu hapakuwa na sakafu ya kumfikisha mtu pale. Wewe unalala katika nusu ya juu ya ukumbi wa zamani, mahali palipokuwa pa moshi mtupu. Na katika picha ya pili, ile nguzo fupi inayosimama darini juu ya mtambaapanya huo huo, tazama kichwa chake. Kimechongwa mabonde na matuta kama kichwa cha nguzo ya kanisa, na kutoka hapo mikono minne iliyopinda inatawanyika kuelekea pande nne. Nani anachonga pambo hilo kwenye dari lenye giza? Hakuna. Lilichongwa ili lionekane na mtu aliyeketi chini kando ya moto, akiinua macho. Fuata na kingo za mtambaapanya wenyewe chumbani kwako, chini ya rangi. Kama zimechongwa, utakuwa umegusa kazi ambayo tangu sakafu ilipowekwa imekuwa karibu mno na macho ya watu kuliko seremala alivyokusudia.

Basi ukuta wa matofali puani. Huyo ndiye aliyebadilisha kila kitu.

Harrison yuleyule anasema wazee wa kijiji chake walimtajia mambo matatu yaliyogeuka sana katika maisha yao, na mojawapo ni wingi wa dohani zilizojengwa karibuni. Ujanani mwao, walimwambia, miji mingi ya mashambani ilikuwa nazo mbili au tatu tu, kama zilifika. Mambo mengine mawili yalikuwa matandiko na vyombo vya mezani. Mwanahistoria W. G. Hoskins alikuja kuandika mwaka 1953 kwamba miaka ya 1570 hadi 1640 mashambani mwa Uingereza palijengwa upya kwa kiwango kikubwa. Waliomfuata wamesogeza tarehe huku na huku kulingana na mkoa, lakini mwelekeo ni huo. Matofali yalianza kufikiwa na mkulima, na mkulima alichoka kulia machozi nyumbani kwake.

Wengine walipitia hatua ya katikati: waliubana moshi katika sehemu nyembamba ya ukumbi kwa viambaza viwili, au wakatengeneza bomba la fito lililokandikwa udongo, jambo linalotisha ukilifikiria. Mwishowe dohani ya matofali ikaja. Ni kitu kizito na kinataka nafasi, na sehemu ya nyumba iliyoweza kutolewa bila hasara ilikuwa ule ujia wa mlango hadi mlango. Wakaisimamisha humo humo. Mlango wa mbele hawakuuhamisha. Tangu siku hiyo kila anayeingia kwenu anapokelewa na ubavu wa dohani, anageuka kushoto au kulia. Ukiangalia kwa jicho la mwenye nyumba ni mpango wa busara: upepo wa baridi unaishia hapo mlangoni, na dohani moja yenye meko mawili yanayopeana mgongo inapasha vyumba viwili. Ulivutia watu kiasi kwamba nyumba mpya zikaanza kujengwa hivyo toka mwanzo. Huko Singleton ipo ya pili, Pendean, ya mwaka 1609, ambayo ilizaliwa na dohani yake katikati. Itembelee baada ya Bayleaf, siku hiyohiyo. Hatua chache kati ya milango miwili, na umevuka kutoka dunia moja kwenda nyingine.

Moto ulipopata njia yake, nusu ya juu ya ukumbi ikawa nafasi ya bure. Wakaitia sakafu. Ushahidi uko sebuleni kwenu: picha ya kwanza inaonyesha boriti nene ya kati, kingo zake za chini zimekatwa mshazari na kila mshazari unaishia kwa nakshi ndogo. Mbao za kubeba sakafu zinazoingia humo zimesimama kwa ubavu, nyembamba na ndefu. Nenda sasa kwenye chumba kilicho chini ya ile sehemu safi ya dari. Natarajia utakuta mbao za sakafu ni pana na zimelazwa bapa, kwa sababu maseremala wa karne ya 15 walizilaza hivyo. Ukizikuta, una sakafu mbili za zama mbili ndani ya nyumba moja, na hakuna haja ya hati kuthibitisha.

Zile alama kama machozi yaliyoungua kwenye boriti ya juu ya meko, ulizoniuliza pembeni mwa barua, zipo katika nyumba nyingi za wakati huo. Zilichomwa kwa makusudi kwa mwali wa mshumaa au utambi, mara nyingi karibu na meko na milango. Watafiti wengi wanaziona kama kinga: dohani ilikuwa tundu kubwa lililo wazi usiku kucha, na watu waliogopa kinachoweza kushuka humo. Ukikutana na ua la petali sita lililochorwa kwa bikari, ni la ukoo huohuo. Usizisugue.

Kwa nje hakuna linaloonekana, najua. Kuanzia mwishoni mwa karne ya 17 na katika ile ya 18, wenye nyumba za Kent walivisha kuta zao za mti na udongo. Walijenga matofali chini, na juu wakapachika vigae ukutani kama magamba ya samaki. Palipotokezwa ghorofa pakajazwa chini yake hadi ukuta ukanyooka. Mti ulikuwa umekwisha fasheni, na vigae vilizuia mvua ya kusukumwa na upepo kuliko udongo. Mtu akipita barabarani anaona nyumba ya miaka mia mbili na hamsini. Paa ndilo halikubadilishiwa nguo, kwa hiyo sisi wa kazi hii tunaanzia darini kila mara, hata kabla ya kunywa chai tuliyokaribishwa.

Kuhusu meli. Hadithi hiyo nimeisimuliwa karibu katika kila nyumba niliyoingia, na wanaoisimulia wanaipenda, kwa hiyo mwambie mzee kwa upole. Inatokana na matundu matupu yanayoonekana kwenye boriti, kana kwamba ziliwahi kufanya kazi nyingine. Mengi ya matundu hayo yalishika kitu katika nyumba hiyohiyo: kiambaza kilichobomolewa, mkono wa nguzo ulioondolewa, dirisha lililozibwa. Nyingine ni boriti zilizotoka nyumba ya jirani iliyovunjwa, kwa maana mti mzuri haukutupwa. Halafu fikiria safari yenyewe. Weald ndiyo iliyokuwa ikilisha karakana za meli, na mialoni yake ilikokotwa kwa ng'ombe kwenye njia za matope hadi mtoni na kuteremshwa mpaka Chatham. Nani angebeba mbao chakavu kuzirudisha mlimani, kwenye msitu wenyewe? Mbao za meli zilizotumika tena zipo, ila utazipata karibu na bandari na karakana.

Tena zipo alama zinazoonyesha mbao hizo zilikatwa kwa ajili ya nyumba hiyo. Mulika tochi kwa ubavu pale mikono inapoungana na makombamoyo, utaona mikwaruzo kama II, IIII, VII. Ni namba za seremala. Alikuwa anaunda fremu nzima uwanjani kwake, kila ulimi, yaani ncha ya mti iliyochongwa kuingia kwenye mwingine, umepimwa kwenye tundu lake moja tu, halafu anaifumua, anaipakia kwenye mkokoteni na kuisimamisha kwa mkulima. Bila namba asingejua kipi kinaingia wapi. Hakuna misumari ya chuma katika viungo hivyo, ni vigingi vya mwaloni. Tundu la kigingi lilitobolewa likiwa limepishana kidogo kati ya ulimi na boriti, makusudi, ili kigingi kinapogongwa kivute ulimi ndani na kuubana. Nimewahi kukifungua kiungo cha namna hiyo chenye umri wa miaka mia tano. Kigingi kilikuwa kimepinda kama kidole cha mzee, na bado kinavuta.

Hapo ndipo sababu ya kalamu yako kubingirika. Mwaloni ulifanyiwa kazi ukiwa mbichi, ndani ya miezi michache tangu kukatwa, maana ukikauka unakuwa mgumu kiasi cha kuvunja patasi. Kwa hiyo ulikauka ukiwa tayari nyumbani, ukasinyaa, ukajipinda, ukapasuka kwa urefu. Mianya hiyo mirefu inayokutisha ilitokea katika miaka ya mwanzo ya nyumba. Fremu ilijilaza ilivyotaka, viungo vikaifuata, ikatulia. Hilo pia ni jambo jema kwetu kwa kutafuta umri: kwa kuwa mti haukuhifadhiwa kwanza, kuhesabu pete zake na kuzilinganisha na jedwali la miaka kunaweza kutupa mwaka wa ujenzi karibu kabisa, kama gome au pete ya mwisho bado ipo.

Ninachotaka uangalie ni vitu vipya. Ufa mweupe ndani yake, ambao jana haukuwepo. Ulimi uliochomoka kwenye tundu. Mti unaobonyea ukiubana kwa kidole. Na hasa, maji yanapokaa. Hilo tangi lililovuja litengenezwe wiki hii.

Hapo tumefika kwenye saruji, na nakuomba umfikishie mwanawe mzee maneno haya kama yalivyo.

Ukuta wa nyuma, kwa picha ya nne, bado ni wa asili: fremu ya mwaloni iliyojazwa viambaza. Ufundi wake mama zetu wanaujua. Vijiti vya mwaloni vimesimamishwa, ncha ya juu kwenye tundu, ya chini kwenye mfereji. Fito zimesukwa kati yake, kisha pamekandikwa udongo uliokanyagwa pamoja na samadi ya ng'ombe na mabua yaliyokatwakatwa, pande zote mbili kwa wakati mmoja, na kupakwa chokaa. Ukuta huo unalowa na kukauka. Mvua inaingia kidogo, jua na upepo vinaitoa. Umefanya hivyo miaka mia tano na ungali umesimama. Saruji ya kisasa, ambayo hataza yake, yaani hati ya uvumbuzi, ni ya mwaka 1824, haina tabia hiyo. Ni ngumu, haichezi na mti. Mti ukijinyoosha au kusinyaa pembeni yake, mwanya mwembamba kama unywele unafunguka. Maji yanaingia kwa mwanya huo na kutoka hayawezi. Yanashuka hadi boriti ya chini, ile inayobeba nguzo zote, yanakaa. Mwaloni mkavu ni mgumu kuliwa. Ulioloa unaota ukungu, na ukungu ukiulainisha anakuja mdudu wa kuubungua.

Mwaka mmoja niliitwa katika nyumba ya Sussex iliyopigwa lipu ya saruji na fundi mwenye sifa nzuri, na kwa nje ilipendeza kweli, nyeupe, imenyooka. Tatizo lilikuwa dirisha moja lililokataa kufunguka. Tulibandua kipande cha lipu usawa wa kifundo cha mguu. Nilichomeka bisibisi kwenye boriti ya chini, ikaingia hadi mpini, na nilipoivuta yakaja maji. Nguzo mbili za kona zilikuwa zimesimama juu ya uji wa mti. Mama mwenye nyumba aliketi kwenye nyasi akalia, na mimi sikuwa na la kumwambia. Tulikata na kuunga mwaloni mpya kwa miezi mitano. Tangu siku hiyo nikisikia saruji na fremu ya mti katika sentensi moja, nasimama na kusema. Wazanzibari wanaoishi Mji Mkongwe wanalijua jambo hili kwa kuta zao za mawe na chokaa: saruji inafunika unyevu, haiuondoi.

Cha kufanya ni kutafuta unyevu unatoka wapi. Tisa kwa kumi, katika kazi zangu, nimekuta mfereji wa paa umeziba, au udongo wa bustani umepandishwa mpaka ukafunika boriti ya chini, au rangi ya plastiki imepakwa juu ya chokaa. Safisheni mfereji. Shusheni udongo mpaka boriti ipumue. Kisha fundi wa chokaa akandike palipobomoka kwa udongo uleule na kupaka chokaa upya.

Na sheria ipo. Nyumba za kabla ya 1700 zilizobaki na umbo lake karibu zote zimeorodheshwa kulindwa, katika daraja la kwanza, la pili lenye nyota, au la pili, na nyingi ziko katika hili la mwisho. Orodha ya taifa inatunzwa na Historic England na iko wazi mtandaoni, utafute kwa jina la shamba. Nyumba ikiwa humo, kuibadilisha kwa namna inayogusa asili yake bila kibali cha halmashauri ni kosa la jinai, na ulinzi unashika ndani na nje, si uso wa mbele tu. Mwanawe azungumze kwanza na afisa wa uhifadhi wa majengo wa halmashauri yao. Wengi wao ni watu wa msaada. Kipo pia chama cha kulinda majengo ya kale kilichoanzishwa na William Morris mwaka 1877, na kinajibu maswali ya wenye nyumba kama hawa. Wewe ni mhudumu, huna mamlaka ya kumzuia mtu kwake, najua. Mpe barua hii asome.

Nina ombi moja. Madirisha ya ukumbi wa asili hayakuwa na kioo, yalikuwa na nondo za mti zilizosimamishwa kwa pembe, na mbao za kufungia usiku. Nyingi zilitolewa kioo kilipopatikana, lakini matundu yake hubaki yamejificha upande wa chini wa boriti iliyo juu ya dirisha. Sebuleni kwenu, upande wa mbele, boriti hiyo inaonekana kidogo nyuma ya pazia. Weka simu chini yake ikitazama juu, washa mwanga, piga picha. Natafuta matundu yenye umbo la almasi, yaliyopangwa mstari mmoja kwa nafasi sawa, na kando yake mfereji wa kuteleza mbao. Yakiwepo, hesabu ni mangapi uniandikie.